Jiwe la Bahari na Jiwe la Moto

Msafiri aondokaye Shimoni, katika pwani ya kusini ya Kenya, mahali palipopata jina lake kwa mapango yaliyotobolewa na maji ndani ya mwamba wa matumbawe, akaelekea bara na kuiacha minazi nyuma yake, hatatembea siku nzima kabla ya kufika chini ya kilima cha Mrima, ambacho msitu wake Wadigo wameuhifadhi tangu kale kuwa ni kaya, mahali pa ibada na heshima. Njia hiyo ni fupi, wala haina ajabu machoni pa mpita njia. Lakini mwenye elimu ya miamba akiipita hujua kuwa ametoka katika nasaba moja ya mawe akaingia katika nasaba nyingine iliyo mbali nayo kama ardhi na mbingu. Mwamba alioukanyaga Shimoni, na mwamba uliolala chini ya udongo mzito wa Mrima, yote miwili ina mwili mmoja: ni kalisi iliyofungamana na hewa ya ukaa, kitu ambacho wanakemia hukiita kaboneti ya kalisi, nasi watu wa pwani tukakijua zaidi kwa zao lake, ambalo ni chokaa. Ukidondosha tone la tindikali juu ya mmoja, hutoka povu. Ukidondosha juu ya wa pili, hutoka povu vilevile. Na juu ya hayo, mmoja ulijengwa na wanyama wadogo wasiohesabika katika maji mafupi yenye jua na uvuguvugu, na mwingine ulipanda kutoka kwenye vina vya ardhi hali umeyeyuka kwa moto.

Iliwachukua wanazuoni muda mrefu kukubali kwamba jambo hilo la pili lawezekana. Walibishana zaidi ya nusu karne, na wengine kati ya walioukanusha ukweli huo walikuwa mabingwa wa zama zao, si watu wa kudharauliwa; na shahidi aliyetolewa mwishoni, ambaye kauli yake haikuweza kupingwa, hakuwa mwanadamu wala kitabu, bali ni mlima ulio katika nchi hizi zetu wenyewe.

Nianze na jiwe la bahari, kwa kuwa ndilo tulilozaliwa ndani ya kuta zake. Yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa imepanda mita kadhaa juu ya kimo chake cha leo, matumbawe yaliota kwa wingi katika ukanda huu wa pwani, kizazi kikijenga juu ya mifupa ya kizazi kilichotangulia, na baina yao zikijaa kombe, chaza na mchanga wa maganda yaliyosagwa na mawimbi. Bahari iliposhuka, majengo hayo yakabaki nchi kavu, yakashikamana kwa maji ya mvua yaliyoyeyusha chokaa huku na kuigandisha kule, hata yakawa mwamba. Juu ya mwamba huo ndipo iliposimama Mombasa, na ndani yake ndimo Wareno walimochonga misingi ya Ngome ya Yesu mwaka 1593. Na mtu akisimama leo mbele ya sehemu ya ukuta iliyopoteza lipu, ataona kwa jicho tupu nyota za tumbawe na kingo za kombe zilizokatwa na patasi, kana kwamba bahari imeacha hati ya mkono wake juu ya jiwe.

Mafundi wa pwani walikuwa na uainishaji wao kabla ya chuo chochote kufundisha elimu ya miamba. Walitenga tumbawe linalotolewa baharini likiwa bado bichi, laini, liwezalo kuchongwa kwa urahisi kabla halijakauka, na hilo wakaliwekea kazi za heshima, yaani mihrabu, miimo ya milango na vidaka. Kisha wakatenga jiwe gumu la nchi kavu, lenye mashimo na makali, wakalitumia kujaza kuta. Msikiti wa Kizimkazi, ambao maandishi yake ya Kikufi yanataja mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107 wa Miladi, ni ushahidi wa jinsi walivyoijua tofauti hiyo barabara. Uainishaji wao haukuuliza jiwe limezaliwaje. Uliuliza jiwe litatii mkono au halitatii, na kwa kazi yao swali hilo lilitosha.

Lakini walijua jambo jingine ambalo katika kisa hiki lina uzito mkubwa zaidi. Walijua kuchoma. Yeyote aliyekulia katika kijiji cha wachoma chokaa ameliona tanuu: magogo yaliyopangwa mviringo, ncha zake zikielekea kati, tabaka juu ya tabaka hata yakafika kimo cha mtu, na katikati pameachwa tundu la kutia moto; juu yake vipande vya matumbawe vimerundikwa kama kichuguu. Moto ukishika, huunguruma usiku kucha, na watoto hukatazwa kusogea. Kunapopoa, vipande vile vya mawe vimekuwa vyeupe, na mtu akinyanyua kimoja hushangaa, maana mkono wake ulikuwa umejiandaa kwa uzito usiokuwapo tena. Kisha hunyunyiziwa maji, navyo huchemka, hufuka mvuke, hupasuka vyenyewe na kuwa unga. Uzito uliopotea umekwenda wapi? Mchoma chokaa hakuhitaji kujua. Kwake ilitosha kwamba jiwe limeiva.

Swali hilo lilijibiwa katika mji wa Edinburgh, Uskoti, na Joseph Black, ambaye mwaka 1756 alitangaza kwa mizani iliyo sahihi kwamba ndani ya mawe ya jinsi hii imefungwa hewa, na kwamba moto huifukuza. Leo twajua hesabu yake: ratili 100 za kaboneti safi ya kalisi zikichomwa hata kuiva, ratili 44 hupaa zikiwa hewa ya ukaa na 56 hubaki zikiwa chokaa. Basi hapo ndipo ulipozaliwa ugumu wote utakaofuata. Ikiwa moto huivunja kaboneti, ikawa si jiwe tena, yawezekanaje jiwe la namna hiyo litoke motoni? Hoja ilionekana imefungwa. Jiwe la chokaa ni la maji, na moto ni adui yake.

Alikuwapo mtu mmoja katika mji uleule, rafiki wa Black, ambaye hakuridhika. James Hutton, aliyesoma nadharia yake ya dunia mbele ya jamii ya wanazuoni wa Edinburgh mwaka 1785, alifundisha kwamba joto la ndani ya ardhi ndilo lililogandisha na kuinua miamba, hata ile iliyoanza kuwa mashapo chini ya bahari. Na alipoulizwa kwa nini joto hilo halikuyavunja mawe ya chokaa, alijibu kuwa chini ya shinikizo kubwa la ardhi na bahari hewa haipati njia ya kutoka. Sir James Hall, aliyekuwa kijana kwake, alitaka kulijaribu neno hilo kwa vitendo. Hutton hakupenda, akiona kwamba ni kiburi kupima kazi za dunia kwa moto wa jikoni. Hall akamheshimu mzee wake, akangoja. Hutton alipofariki mwaka 1797, ndipo Hall akaanza, akichukua mitutu ya bunduki, akaijaza unga wa chaki, akaiziba barabara, akaitia tanurini. Mitutu mingine ilipasuka. Hakukoma, alirudia zaidi ya mara 500, na mwaka 1805 aliwaonyesha wenziwe unga uliogeuka jiwe gumu lenye chembe zing'aazo, mfano wa marumaru, na hewa yake ikiwa bado imo ndani.

Adabu ya mwanafunzi huyo na subira yake zimenigusa kila nilipokisoma kisa chake, na nafikiri ndiyo sababu matokeo yake yalidumu. Hata hivyo Hall alithibitisha nusu tu ya jambo. Alionyesha jinsi jiwe la bahari liwezavyo kugeuzwa na joto bila kuvunjika, na hivyo akaipa haki yake jinsi ya tatu ya mawe, ambayo twaiita miamba geu, lakini hakuonyesha kwamba iko kaboneti iliyoanza maisha yake katika moto. Vitabu vya karne ya 19 vikaendelea kuandika kama zamani: penye wingi wa kalsiti, yaani madini ya kaboneti ya kalisi, tafuta bahari iliyokauka.

Sauti ya kwanza ya kupinga ilitoka kaskazini ya Ulaya. Mwaka 1895 Arvid Högbom alieleza habari za kisiwa cha Alnö, katika pwani ya Sweden, ambako kalsiti imo pamoja na mawe yaliyotoka motoni kwa namna ambayo haikumwezesha kusema neno jingine ila kwamba nayo imetoka humo humo. Mwaka 1921 Waldemar Brøgger wa Norway, mzee aliyekwisha kupata kila heshima ya elimu yake, alichapisha uchunguzi wa mahali paitwapo Fen, katika jimbo la Telemark, akatamka wazi kwamba mawe yale ya kaboneti yaliganda kutokana na ujiuji wa moto, akayapa jina ambalo kwa matamshi yetu ni kabonatiti.

Upinzani ulikuwa mkali, na lazima nikiri kwamba ulikuwa na hoja. Reginald Daly, mzaliwa wa Kanada, alikuwa amefundisha tangu mwaka 1910 kwamba miamba ya moto inapopanda humeza mawe ya chokaa iliyoyakuta njiani, kwa hiyo kaboneti ionekanayo penye volkano ni jiwe la bahari lililomezwa tu. N. L. Bowen, ambaye hakuna aliyemshinda zama zake katika kuyayeyusha mawe maabara na kuyasoma, alikataa vilevile mwaka 1924, akisema kwamba kalsiti ya Fen ililetwa na maji ya moto yaliyopenya ndani ya mwamba mwingine na kuchukua nafasi yake chembe kwa chembe. Na majaribio yaliyochapishwa mwaka 1923 yalikuwa yameonyesha kuwa kalsiti peke yake, hata ikishinikizwa, haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 1,300, joto kubwa mno kulinganisha na dalili zilizoonekana katika mawe yaliyoizunguka. Mtu mwenye akili timamu, akipewa hoja hizo tatu, angekuwa na haki ya kumwona Brøgger amekosea.

Ni Afrika iliyoanza kuigeuza mizani. Katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, Frank Dixey na wenziwe walichapisha mwaka 1937 habari za milima ya Chilwa, ambako kabonatiti imesimama katikati ya mabaki ya volkano za kale kama kiini ndani ya kokwa. Uganda palikuwa na mwamba wa Tororo, unaouinukia mji ule kama mnara. Tanganyika palikuwa na kilima cha Panda karibu na Mbeya, ambacho katika miaka ya 1950 kilijulikana kuwa kimebeba madini ya niobiamu. Kenya palikuwa na Mrima yetu na milima iliyo kando ya Ziwa Victoria. Kote huko wapimaji wa ardhi walikuta mambo yaleyale: mwamba haukulala tabaka juu ya tabaka kama mashapo yalalavyo, bali umesimama wima na kuzunguka kama pete, hauna kombe wala mfupa wa kiumbe, na ndani yake mna apatiti, mna chuma cha sumaku, mna madini adimu ambayo bahari haiwezi kuyakusanya. Na mahali pengi, chini yake na kando yake, hapakuwa na jiwe la bahari la kumezwa.

Ukafika mwaka 1960, ambao katika kisa hiki unastahili kuandikwa kwa wino wa dhahabu. Huko Pennsylvania, Peter Wyllie na O. F. Tuttle walichapisha majaribio yao wenyewe, waliyoyafanya kwa kuongeza kitu ambacho waliotangulia walikiacha, nacho ni maji. Kalsiti ikishinikizwa pamoja na mvuke wa maji, walionyesha, huanza kuyeyuka kwenye digrii 650 hivi, nusu ya joto lililodhaniwa kuwa la lazima. Kizuizi kikubwa cha hoja ya Brøgger kikaondoka. Na mwaka huohuo, upande wa pili wa dunia, J. B. Dawson, mtaalamu wa idara ya kupima ardhi ya Tanganyika, alipanda Oldoinyo Lengai.

Wamasai ndio waliouita mlima huo hivyo, yaani mlima wa Mungu, na mtu aliyeuona kutoka uwanda wa Ziwa Natron hahitaji kuambiwa sababu. Umesimama peke yake, mkali wa kuchongoka, urefu wake yapata mita 2,960, na kilele chake mara nyingi cheupe hata mgeni akadhani ni theluji. Weupe huo ni wa magadi. Ulikuwa umelipuka mwaka 1917, na tena mwaka 1940 na 1941, na wenyeji walijua mlima wao uko hai. Lakini bado haikuwa imejulikana barabara kitu gani hasa kilikuwa kikitoka pale juu. Dawson alikuta ndani ya shimo la kilele lava nyeusi, nyepesi, ikitiririka kama matope mepesi, isiyofanana na lava yoyote iliyojulikana. Volkano nyingine nyingi hutoa mawe yaliyoyeyuka kwa joto la digrii 1,100 na zaidi, yenye kung'aa kama chuma cha mhunzi. Lava ya Lengai, kama vipimo vya baadaye vilivyoonyesha, ni ya digrii 500 na kitu, na mchana haionekani hata kuwa ina moto, ila usiku tu hutoa wekundu hafifu. Ikiganda ni nyeusi. Kisha unyevu wa hewa ukiigusa, kwa saa au siku chache huanza kupauka kwenye kingo na nyufa, ikawa kijivu, ikawa nyeupe kama unga.

Alipoipima, aliikuta si silika, kama lava nyingine, bali ni kaboneti, na ndani yake sodiamu kwa wingi mno: ni magadi, yale yale ambayo mama zetu huyatia katika chungu cha maharage yalainike, yakimwagika kutoka kinywani mwa mlima hali yameyeyuka. Ripoti yake ilitoka mwaka 1962. Baada ya hapo hapakuwa na nafasi ya kusema kwamba kaboneti haiwezi kutiririka kutoka motoni, kwa kuwa ilikuwa ikitiririka, na mwenye miguu ya kupanda mlima angeweza kwenda kuitazama. Sijui kisa kingine katika elimu ya miamba ambapo ubishi wa miaka mingi ulikatwa na ushahidi wa macho namna hii.

Mwaka huohuo wa 1962 ulileta na mambo mengine mawili. Wapimaji wa isotopu walitangaza kuwa strontiamu iliyo ndani ya mawe haya hubeba alama ya ukoo: katika mawe ya bahari uwiano wa strontiamu 87 kwa strontiamu 86 ni kama 0.707 hadi 0.709, na katika kabonatiti huwa chini yake, karibu na 0.703, sawa na mawe yaliyopanda kutoka vina vya ardhi. Jiwe ambalo sura yake haisemi kitu likaweza sasa kuulizwa nasaba kwa mizani. Na Mmarekani Robert Dunham akatoa mpango wake wa kuainisha mawe ya chokaa ya bahari, unaofuatwa hata leo, ambao swali lake la kwanza ni hili: jiwe hili limeshikiliwa na tope, au chembe zake zinashikiliana zenyewe, au lilifungwa na viumbe tangu lilipokuwa likiota? Kwa mpango huo ukuta wa Mombasa una daraja yake, nayo ni ile ya mwisho, jiwe lililofungwa na matumbawe yenyewe. Na hesabu yake ya madini haina haja ya kutajwa.

Kabonatiti haiwezi kuulizwa swali hilo, kwani haikutua chini ya maji yoyote. Yenyewe huulizwa imebeba nini: ili iitwe jina hilo, mwamba wa moto sharti uwe na madini ya kaboneti zaidi ya nusu yake, kisha hutengwa kwa kaboneti iliyotangulia wingi, kama ni ya kalisi, au ya magnesiamu, au ya chuma; na ile ya sodiamu, lava ya Lengai, imesimama daraja yake peke yake, kwa kuwa hakuna volkano nyingine duniani ijulikanayo kuitoa ikiwa hai. Kabonatiti zilizojulikana zimepita 500 sasa, na nyingi ziko katika bara letu. Hivyo mawe mawili yenye mwili mmoja yameandikwa katika madaftari mawili yasiyokutana, moja likipangwa kwa namna lilivyojengwa na jingine kwa kile kilicholijenga, na naona ni haki, ijapokuwa mwanafunzi huchoka kujifunza lugha mbili kwa kitu kimoja.

Tanuri la saruji halijali daftari. Kuanzia miaka ya 1950 Tororo ilichoma jiwe lake la moto, kama Tanga ilivyochoma jiwe lake la bahari, na mwashi apokeaye mfuko hawezi kujua lipi ni lipi.

Madini mawili makuu ya lava ya Lengai yalipewa majina. Moja ni gregoryiti, kwa heshima ya J. W. Gregory, aliyelivumisha duniani jina la Bonde Kuu la Ufa. La pili ni nyerereiti, kwa heshima ya Julius Nyerere. Hayadumu yakiachwa wazi. Anayetaka kuhifadhi kipande cha lava hiyo hukifunga mbali na hewa, maana unyevu wa chumba tu hukila mpaka kikawa unga. Na kule mlimani kwenyewe, masika ya kwanza huyayeyusha, yakashuka na makorongo hadi uwandani kwenye Ziwa Natron, ambako jua hukausha maji na kuacha magadi tabaka juu ya tabaka, mashapo kama mashapo mengine yoyote.